Mchagua spana si fundi?

Ugomvi uliletwa na nati. Ilikuwa nati ya gurudumu la nyuma la Toyota IST, kona zake sita zimelika mpaka imebaki duara kama kifungo cha koti. Mwenye gari ni mwalimu wa sekondari. Alikuwa amenunua seti ya vifaa, vipande 46 ndani ya kisanduku cha plastiki, akajiona amemalizana na mafundi. Pancha yake ya kwanza ikamkuta njia ya Msimbati, kwenye mchanga. Wili spana iliyotoka Japani pamoja na gari haikuwapo (hizi hupotea njiani, sijui huenda wapi), na kisanduku kile kizuri hakikuwa na kitu kinachoingia kwenye nati ya tairi. Akaazima spana malaya kwa dereva wa bajaji. Yaliyofuata mnayajua.

Watu wanne ninaowakalisha hapa ni wa kubuni, ila maneno yao nimeyasikia midomoni mwa wengi. Nimewaweka Mikindani, chini ya mwembe, wanaitazama ghuba. Kuna Mwalimu na nati yake. Kuna Mzee Fundi, aliyefungua magari zaidi ya miaka 40. Kuna Binti, aliyemaliza ufundi magari VETA, na Muuzaji, mwenye duka la vifaa Mtwara mjini. Upepo wa baharini upo pia, na zamu yake itafika.

MWALIMU: Shikamoo, Mzee.

FUNDI: Marahaba, mwanangu. Nani kaila nati namna hii?

MWALIMU: Mimi mwenyewe, Mzee. Kwa spana malaya.

FUNDI: Jina lake halikukuonya? Spana inayokubali kila nati haina nati yake. Taya lake linacheza. Ukivuta kwa nguvu linajiachia kidogo, linabana ncha za kona, ubavu wa nati linauacha. Kwenye skrubu ya kitanda sawa. Kwenye gurudumu, kona zinakwenda.

MWALIMU: Lakini wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Wewe mwenyewe nimekuona ukishusha injini nzima kwa spana zilizochakaa, hata namba hazisomeki. Mimi nikienda dukani nikaanza kutaka ya Ujerumani, nikataka ya Japani, nitaonekana najidai. Mshahara wangu unatosha kisanduku.

BINTI: Samahani, Mwalimu. Ukikosea kupiga jembe, udongo unakusubiri upige tena. Nati ikishalika, hata fundi atakayekuja baada yako umemharibia kazi.

Nimeipenda methali ya Mwalimu, lakini anaitumia pasipo pake. Ilisemwa kwa mvivu, yule anayezunguka ghalani akipima mipini huku jua linapanda na shamba linamngoja. Mwalimu alikwenda shambani. Tatizo ni kwamba jembe lake lilikuwa linakula miche.

MUUZAJI: Ngojeni, msinifanye mimi tapeli. Dukani kwangu ipo spana ya bei ndogo, ipo ya kati, na ipo ya Kijapani iliyoshika vumbi kwa sababu hakuna anayeigusa. Msimu wa korosho ukifunguka, kuanzia Oktoba, mtu anakuja na hela mkononi anataka kitu kinachoonekana: kisanduku, kishikio, vipande vingi. Nikimwambia kwa hela hiyo hiyo achukue spana nne nzuri, ananiona namdhulumu. Yeye anahesabu vipande.

FUNDI: Na ikifika Machi?

MUUZAJI: Machi anarudi na soketi iliyopasuka, anaulizia moja moja.

FUNDI: Mimi sina ugomvi na visanduku vyako, mwanangu. Vimenijengea chumba cha pili.

MWALIMU: Ndiyo maana yangu hiyo! Mafundi mnataka tubaki hatujui kitu, tuwaite hata kwa kufunga waya wa betri.

FUNDI: Waya wa betri haujawahi kumlisha fundi. Kinachomlisha ni bolti iliyokatikia ndani. Ungeijua bei ya kuitoa, ungerudisha kisanduku leo jioni.

Kwa hili niko upande wa Mwalimu, na Mzee anisamehe. Mtu aliyesimama Kilambo, gari lake limegoma, anangoja kuvuka Ruvuma kwenda Msumbiji, hana gereji ya kuita. Aliyenasa mchangani baada ya Madimba naye hana. Huku kusini kulifungua gari lako mwenyewe ni sehemu ya kulimiliki. Swali ni ulifungue kwa kitu gani, na hapo Binti ndiye aliyefanya jambo ambalo Mwalimu hakulifanya dukani: alifunua kisanduku akahesabu.

BINTI: Racheti hii ni ya robo inchi, yaani kile kichwa chake cha mraba kina milimita 6 na kidogo. Ina soketi 13, kuanzia namba 4 mpaka 14. Vilivyobaki, ukitoa viungio vichache, ni vichwa vya bisibisi na vya nyota. Sasa tazama gari. Toyota hizi namba zake ni 8, 10, 12, 14, 17, 19, halafu 21 kwenye magurudumu. Kwa hiyo kati ya soketi 13 umenunua nne zenye kazi. Hii ya 4 na nusu utaifungulia nini, Mwalimu, saa?

MUUZAJI: Hizo nne si haba lakini. Vichwa vya betri ni 10. Koili za plagi, bolti zake 10. Kifuniko cha filta ya hewa, taa, plastiki za chini, yote anafika.

BINTI: Anafika, kaka, na sikatai. Kwa kazi hizo racheti ndogo ni tamu kuliko kubwa, maana haimpi nguvu ya kukata bolti. Nati ya kumwagia oili sasa. Ile ni 14, na soketi ya 14 imo humu, kwa hiyo mtu anaamini racheti inaiweza. Imekazwa na aliyepita kabla yake, pengine kwa bomba. Anavuta, meno ya racheti yanaruka, vidole vinakwenda kwenye egzosi. Plagi zenyewe zinataka soketi ndefu ya 16, na haimo.

MWALIMU: Mbona wameandika pale "Chrome Vanadium"?

FUNDI: Kuandika hakuna kodi.

Hapa Muuzaji alitaka kukasirika, akacheka. Kwa haki yake niseme: kromu na vanadiamu kweli hukifanya chuma cha spana kiwe kigumu na chenye kustahimili kupindwa, na spana nyingi za kazi hutengenezwa hivyo. Lakini chapa iliyopigwa kwenye mkono wa spana haikwambii chuma kilichomwa na kupozwa vipi, na huko ndiko spana inakopatia tabia yake. Iliyopozwa vibaya huwa laini ikafunguka mdomo, au huwa ngumu kavu ikapasuka kama chungu. Macho hayawezi kuona hilo. Mkono unaweza kuona mengine.

MWALIMU: Mengine kama yapi? Nifundisheni, maana dukani nasimama kama mgeni.

FUNDI: Nenda na bolti mfukoni. Chukua mpya, kichwa 12, na nyingine 14, za gari lako. Ukifika, ivalishe spana, uizungushe kwa vidole. Ikicheza sana, rudisha. Ya bei ndogo mara nyingi kosa lake ni hapo: mdomo umechongwa mpana ili utoke haraka kiwandani.

BINTI: Na soketi utazame ndani. Ziko zenye kona 6 na ziko zenye kona 12. Ya 12 ni rahisi kuivalisha sehemu finyu, lakini inashika nati karibu na ncha ya kona. Ya 6 inalala ubavuni. Nati zenye kutu za huku pwani zinataka ya 6. Bei mara nyingi hazipishani kwa kitu.

MUUZAJI: Hilo ni kweli. Na mimi nikiulizwa nasema. Hakuna anayeuliza.

Bisibisi sitazizungumzia sana. Nunua mbili za mkono mnene, moja bapa na moja ya nyota, na ujue kwamba nyota ya Kijapani haina umbo sawasawa na ile ya Kimarekani: bisibisi ya kawaida huruka juu ya skrubu za Toyota kuukuu na kuzitafuna. Bonyeza sana kabla ya kuzungusha. Turudi kwenye spana, maana Mwalimu alikuwa ameshapata wazo jipya.

MWALIMU: Basi jibu ni mtumba. Spana kuukuu za Ulaya, zilizokwisha kujaribiwa na wenyewe. Spana haina maili kama gari.

FUNDI: Nusu ya sanduku langu ni mtumba. Sikuzinunua siku moja. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa pale Rufiji, 2003, masika yakishika barabara ya Dar inakatika, mnakaa. Spana ikivunjika Aprili unasubiri meli. Kwa hiyo nilinunua moja moja, na kila moja najua niliinunulia nini. Nyingine nilirithi kwa aliyenifundisha. Zile za inchi ni za tangu mradi wa karanga wa Waingereza.

Vijana wanaocheka spana za inchi wakumbuke kuwa mji wa Mtwara wenyewe ni mtoto wa mradi huo. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea vilijengwa kwa ajili ya karanga, mradi ukaachwa 1951, na reli iling'olewa miaka ya 60 ilipoanza. Magari yake yalikuwa ya vipimo vya Kiingereza. Chuma kingi kimeuzwa kama chakavu. Spana, kwa kuwa zinatosha mfukoni, zimebaki.

BINTI: Ndiyo shida ya mtumba sasa, Mzee. Mtu ananunua jina zuri, hasomi namba. Spana ya 9/16 ni milimita 14.29. Ukiivalisha nati ya 14 inaingia kwa raha, na raha hiyo ndiyo itakayokula kona. 11/16 ni 17.46, vilevile itaila 17. Ila 3/4 ni 19.05, hiyo inakaa kwenye 19 utadhani imezaliwa hapo. Asiyejua hesabu hiyo bora anunue mpya ya milimita, hata ya bei ya kati.

MWALIMU: Na nati yangu je? Tumekaa hapa nusu saa tunawazungumzia Waingereza.

Mzee Fundi akainuka. Alirudi na soketi nyeusi, nene, isiyong'aa hata kidogo, na nyundo ya kilo. Soketi ilikuwa ya inchi, namba 13/16. Geuza kwa milimita: 20.64. Nati nzima ya 21 haiingii humo. Nati iliyolika inaingia, kwa kupigwa. Aliipiga mara tano, akachomeka mkono mrefu, akaegemea taratibu bila kuruka. Ililia kama bawaba ya mlango wa msikiti wa zamani, ikaachia. Kuitoa nati ndani ya soketi ilihitaji mtarimbo na nyundo tena, lakini hiyo ni kazi ya benchi.

FUNDI: Sasa wewe niambie kama hii ya inchi ni takataka.

BINTI: Sijasema takataka, Mzee. Nimesema mwenye kuijua ni wewe.

MWALIMU: Niwaulize la mwisho. Niliikaza mwenyewe mwezi uliopita, kwa kuikanyaga. Nilikosea?

BINTI: Una kilo ngapi, Mwalimu?

MWALIMU: Sabini na kidogo.

BINTI: Kitabu cha Toyota nyingi ndogo kinataka niutoni-mita 103 kwenye nati ya gurudumu. Liache neno. Ni kama kilo 10 na nusu zikining'inia mwisho wa mkono wa mita moja. Mkono ukiwa nusu mita, kilo 21. Wewe ulikanyaga mkono wa urefu gani?

MWALIMU: Nilichomeka bomba. Nusu mita hivi.

BINTI: Basi ulizidisha zaidi ya mara tatu. Bolti inavutika kama utambi, nati inabana kutu ndani, halafu siku ya pancha unamlaumu aliyeuza kisanduku.

MUUZAJI: Asante, dada. Spana ya kupimia kukaza ninayo, ila watu wakisikia bei wanaondoka.

BINTI: Awe na mizani ya samaki.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Binti hakucheka.

BINTI: Ile ya springi, ya kuning'iniza. Ndoano unaifunga kwenye mkono wa spana, nusu mita kutoka katikati ya nati. Unavuta ukiwa umesimama pembe mraba na mkono, polepole, mshale ukisoma 21 unaacha. Ukiwa na mkono wa robo mita, vuta 42. Nati ikae safi, bila oili kwenye uzi, na uende kwa kuruka, unakaza moja kisha ya ng'ambo yake. Ukishatembea kilomita 50 hivi, simama urudie.

Hesabu yake nimeirudia kwa kalamu na haina kasoro. Kinachotakiwa ni mizani isiyodanganya, na kwa hilo muulize mama anayenunua samaki, usimuulize anayeuza. Nyumba nyingi za pwani hii mizani ya namna hiyo ipo tayari, ya samaki au ya korosho. Ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote vilivyotajwa siku hiyo, na hakimo kwenye kisanduku chochote.

FUNDI: Mnasema bei, bei. Mnaukaliaje upepo huu bila kuutaja? Kusi likivuma linabeba chumvi. Chumvi ikitua kwenye chuma inavuta unyevu hata kama hakuna mvua. Ile ngozi ya kromu ya spana za bei ndogo ni nyembamba kama ya kitunguu. Ikitoboka pahala padogo, kutu inatembea chini yake, siku moja inabanduka kama magamba na kukukata kidole. Hata ya Ujerumani inakufa. Nimeona spana nzuri ya mtu aliyekuwa akiitupa kwenye buti na ndoo ya pweza. Mwaka mmoja, basi.

MWALIMU: Zangu ziko ndani ya plastiki.

FUNDI: Plastiki ndiyo jeneza lake. Unyevu ukiingia hautoki. Chukua kanga kuukuu, ilowanishe oili safi kidogo, uzifunge humo moja moja kama mama anavyofunga vitumbua. Ukitoka Msimbati, zioshe kwa maji baridi ya kisima, zikaushe, zirudishe kwenye oili. Spana ya bei ndogo yenye oili itaizika ya bei kubwa iliyo kavu.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike yote haya. Tumezoea kupanga vifaa kwa bei, kana kwamba bei ndiyo itakayokaa kwenye buti la gari miaka mitano. Ukanda wa kati ya ghuba ya Mikindani na mdomo wa Ruvuma una mashamba ya chumvi kwa sababu jua na bahari huifanya chumvi bure. Mahali ambapo chumvi inajitengeneza yenyewe, utunzaji ni sehemu ya bei ya spana, na mwenye kipato kidogo anaweza kuilipa sehemu hiyo kwa kitambaa na oili iliyobaki kwenye kopo.

Kuhusu jeki nitasema mwenyewe, maana hao wanne waliafikiana bila kubishana. Jeki ni ya kuinulia gari tu. Asiingie mtu chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, wala linaloegemea tofali. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Nunua stendi mbili za chuma kabla hujanunua racheti ya pili. Mchangani, weka ubao mpana chini ya jeki, la sivyo gari linabaki pale pale na jeki ndiyo inayoshuka. Na nati ya mrija wa breki, ile ndogo ya 10 inayooza kwanza huku pwani, mwachie fundi mwenye ringi iliyokatwa ubavu kupitisha mrija. Spana ya mdomo huila kwa mvuto mmoja, na hapo unachohatarisha si kona za nati.

MWALIMU: Kwa hiyo kisanduku nikitupe?

FUNDI: Usitupe. Kinafungua betri. Ila usiku usikitegemee.

Mwalimu alitaka hukumu na nitampa yangu. Kwa anayeanza na gari la Kijapani hapa Mtwara, fedha ya kwanza iende kwenye vinavyoshika uhai: soketi ya 21 ya kona sita yenye mkono mrefu wa kichwa cha mraba cha nusu inchi, na stendi mbili. Fedha ya pili iende kwenye spana nne, 10, 12, 14 na 17, upande mmoja ringi na upande mwingine mdomo, zilizojaribiwa kwa bolti pale pale kaunta. Hizi usibane sana mkono. Bisibisi, nyundo na plaizi zinaweza kuwa za bei yoyote inayokufaa. Mzee asingenunua kwa mpangilio huo. Yeye angeanza na nyundo.

Nati ya IST ina uzi wa milimita 12, hatua 1.5, na maduka mengi ya spea huiuza moja moja. Mwalimu, ukienda kununua ya kuziba pengo, nunua mbili: moja ifunge garini, ya pili itie mfukoni uingie nayo duka la vifaa.